Mwenye Mbio Amngoje Mwenzake

Dominika ya 16 ya Mwaka C
Masomo: Mwa 18:1-10, Kol 1:24-28, Lk 10:38-42



Somo la kwanza la Dominika ya leo latuonyesha mzee akipiga mbio. Ibrahimu amekwisha kutimiza miaka 99. Ameketi mlangoni pa hema lake kwenye mialoni ya Mamre, wakati wa jua kali, saa ambayo hata mbuzi hutafuta kivuli. Anainua macho, anaona watu watatu wamesimama. Hawafahamu, wala hakuna aliyemwambia watokako. Hata hivyo mzee huyu hangoji wafike mlangoni na kupiga hodi. Ananyanyuka na kuwakimbilia. Kisha anakimbia tena kundini kuchagua ndama. Na wageni wanapokwisha kula, anafuatana nao njiani kuwasindikiza, kama wafanyavyo wazee wetu hata leo.

Mtu aweza kusema kwamba Ibrahimu alikuwa mkarimu kwa sababu alikuwa na mali. Maandiko Matakatifu yatudokezea sababu nyingine: Ibrahimu mwenyewe alikuwa mgeni. Aliiacha nchi ya baba zake, akaishi katika mahema miongoni mwa watu wa lugha na desturi nyingine. Mkewe Sara alipofariki dunia, hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kumzikia. Ilimbidi asimame mbele ya wenyeji, ajitaje kuwa ni mgeni na mpitaji, akawaombe wamuuzie kaburi. Mtu aliyekaa ugenini ajua kwamba mgeni ana njaa mbili. Iko njaa ya tumbo, nayo hutulizwa kwa mkate na ndama. Iko pia njaa ya kuwa na mtu anayekujua kwa jina lako, anayefurahi ukija na kuuliza usipokuja. Njaa hiyo haitulizwi kwa chakula. Yahitaji rafiki.

Wapendwa, yafaa tuitafakari njaa hii ya pili, kwa kuwa watoto wetu wengi leo wako ugenini. Wako London na Toronto, wako Marekani, wako Muscat na Dubai. Tuliwasindikiza hadi uwanja wa ndege kwa nyimbo na maombi. Wanapopiga simu twawauliza kama kazi imepatikana, kama baridi ni kali, kama fedha za karo zitafika kwa wakati. Ni mara chache tunawauliza: “Mwanangu, huko una rafiki?”

Wengine wao wamempata rafiki mahali tusipopatazamia, yaani katika vikundi vya watu wanaokutana kukimbia. Sizungumzii wanariadha wanaotafuta medali. Nazungumzia makarani, wauguzi, wanafunzi na wastaafu wanaokutana mara moja kwa juma, wakakimbia kwa kadiri ya nguvu zao, kisha wakaketi pamoja kunywa chai. Jambo hilo laweza kuonekana dogo mno kutajwa katika mahubiri. Lakini Bwana wetu alihubiri juu ya chachu, chumvi na punje ya haradali. Nasi tusiogope kujifunza kutoka kwa jambo dogo.

Hebu kwanza twende Kuala Lumpur, nchi iitwayo leo Malaysia, mwaka 1938. Wakati huo nchi ile ilikuwa chini ya Waingereza, na wengi wao walikuwa huko kwa kazi za ofisini na za mashamba ya mpira. Walikuwa mbali na kwao. Jioni zao ziliishia katika chumba cha kulala au katika kilabu, wakila chakula kile kile kila siku. Mmoja wao, mhasibu aitwaye Albert Gispert, pamoja na wenzake wachache, alianzisha kikundi cha kukimbia. Walikiita Hash House Harriers, wakichukua jina la utani la nyumba waliyokuwa wakila, jina la kukidhihaki chakula chake.

Waliufuata mchezo wa zamani wa shule za kwao. Mtu mmoja aitwa sungura. Huyo hutangulia, akidondosha vipande vya karatasi njiani. Siku hizi vikundi vingi hutumia unga. Wengine humfuata kwa kuitafuta alama. Lakini sungura huyu ni mjanja. Mahali fulani huikata njia ghafula, na mahali pengine huweka njia ya uongo isiyofika popote. Wenye mbio wakifika hapo hawana budi kusimama, kutawanyika huku na huku, kupotea na kurudi. Atakayeiona njia ya kweli huwaita wenzake kwa sauti. Wakati huo wote wale wa nyuma, wenye matumbo makubwa na pumzi fupi, wanaendelea kuja. Njia inapopatikana, wa mwisho amekwisha kuwafikia wa kwanza, na kundi linaondoka pamoja.

Sungura wa hadithi zetu huwadanganya wengine kwa ajili ya tumbo lake. Sungura wa Kuala Lumpur aliwachelewesha wenye nguvu kwa ajili ya wanyonge. Njia yenyewe ilitengenezwa ili asiwepo mtu wa kuachwa porini. Hakukuwa na mshindi, wala zawadi.

Gispert hakuishi kuyaona matunda ya kazi yake. Vita vilipofika huko, alifariki tarehe 11 Februari 1942 katika mapigano ya kuitetea Singapore, siku nne tu kabla mji ule haujaanguka. Baada ya vita, wenzake waliosalia walikutana tena, wakakimbia. Leo vikundi vya namna hiyo vimeenea duniani kwa mamia, na hata Nairobi na Dar es Salaam vimekuwapo, vikiwakutanisha wageni na wenyeji.

Ni haki tuseme pia upungufu wake. Kikundi kile cha kwanza kilikuwa cha wanaume tu, tena wageni waliotafutana wao kwa wao katika nchi ya watu wengine. Wala hawakuficha kwamba mwisho wa mbio zao ni bia. Urafiki unaofungwa kwa chupa hufunguka chupa ikiisha. Na kundi la wageni wanaopendana wenyewe kwa wenyewe laweza kuwa ukuta mpya kati yao na wenyeji. Watoto wetu walio ng’ambo wanaijua hatari hiyo: kukaa miaka kumi katika nchi, na kuondoka bila kumfahamu mwenyeji hata mmoja. Kukutana na watu wa nyumbani na kusema Kiswahili ni faraja kubwa, wala simkatazi mtu. Lakini Ibrahimu hakuwauliza wageni wake kabila lao kabla ya kuwakimbilia.

Sasa twende Uingereza kwenyewe, miaka mingi baadaye. Mwaka 2004 mtu mmoja aitwaye Paul Sinton-Hewitt alikuwa ameumia, hawezi kukimbia. Huyu naye alikuwa amezaliwa mbali, katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe, akakulia Afrika Kusini, kisha akahamia Uingereza. Aliona kwamba, akiacha kukimbia, atawapoteza wenzake. Basi aliwaalika waje wakimbie kilomita 5, naye awapimie muda. Tarehe 2 Oktoba mwaka ule walifika wakimbiaji 13 katika bustani ya Bushy, jijini London, na watu 5 wa kuwahudumia. Hivyo ndivyo zilivyoanza mbio ziitwazo parkrun, ambazo leo hufanyika kila Jumamosi asubuhi katika nchi zaidi ya 20, bila kiingilio. Zilianzishwa na mtu ambaye siku ile hakuweza kukimbia.

Katika mbio hizo iko huduma moja ambayo ningependa makatekista waiandike moyoni. Kila Jumamosi mtu mmoja hujitolea kuwa wa mwisho. Huvaa kizibao cha kumtambulisha, huwaacha wote watangulie, kisha hutembea nyuma yao hadi mwisho wa njia. Kwa hiyo hata mgonjwa, hata mzee, hata mama anayesukuma kigari cha mtoto, hana haja ya kuogopa aibu ya kufika wa mwisho. Nafasi hiyo imekwisha kuchukuliwa na mtu aliyeichagua kwa hiari.

Mama mmoja alinieleza habari za binti yake, ambaye ni muuguzi katika mji mmoja wa Uingereza. Jina lake nalihifadhi. Binti huyu alilelewa vema katika imani. Alikuwa mwanakwaya, na tangu alipofika huko hakukosa Misa ya Dominika. Aliingia kanisani, akasali, akatakiana amani na jirani zake, kisha kila mmoja akaondoka na gari lake. Baada ya miezi saba alimwandikia mama yake maneno haya: “Mama, nje ya kazi hakuna mtu aliyewahi kuniita kwa jina langu.” Siku za mapumziko alilala hadi mchana ili siku iwe fupi. Alianza kuwaza kuuacha mkataba wake na kurudi nyumbani, ingawa mkopo wa nauli ulikuwa haujalipwa na wadogo zake wawili walikuwa shuleni.

Jumamosi moja, akitoka kazini zamu ya usiku, aliwaona watu wamekusanyika bustanini. Mzee mmoja alimsalimu na kumwambia kwamba aweza kurudi juma lijalo, hata kama ni kwa kutembea. Alirudi. Alitembea nyuma ya wote, na aliyetembea naye ni yule mzee, kwa kuwa siku hiyo zamu ya kuwa wa mwisho ilikuwa yake. Kwa mwendo wa karibu saa nzima mzee alimuuliza habari za kwao, wanalima nini, na jina lake hutamkwaje. Alilirudia jina lile mpaka akalipata. Juma la nne walimpa kizibao, wakamwomba asimame kwenye kona ya njia awaelekeze wakimbiaji. Binti alimwambia mama yake kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alihisi kuwa ana kazi katika mji ule ambayo halipwi mshahara.

Baadaye aliugua, akakosa Jumamosi mbili. Jumamosi ya pili jioni mlango wake uligongwa. Walikuwa wanawake wawili wa kikundi kile, wamebeba supu. Katika ugonjwa huo huo alikuwa amekosa pia Misa Dominika mbili, na huko kanisani hakuna aliyetambua.

Ndugu wapenzi, tusifanye haraka kuwahukumu waamini wa parokia ile ya mbali. Pengine walidhani kwamba mtu anayekaa peke yake apenda upweke wake. Afadhali tujiulize sisi wenyewe. Katika kanisa letu, yule msichana wa kazi za ndani aliyeletwa mjini kutoka kijijini, anayekaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya matangazo, nani anamjua jina? Mlinzi anayekuja Misa ya kwanza akiwa bado na sare yake ya usiku, nani amewahi kumuuliza watoto wake wako wapi? Mwanafunzi aliyetoka mkoa mwingine akifika katika Jumuiya, mara nyingi swali la kwanza ni kadi, la pili ni mchango, na jina lake huja la tatu. Mgeni wa namna hiyo halazimiki kuvuka bahari ili awe ugenini. Yuko ugenini hapa hapa, miongoni mwa Wakristo wenzake.

Katika Injili ya leo, Martha anahangaika na utumishi mwingi, naye Maria ameketi miguuni pa Bwana. Bwana hakuukataa utumishi wa Martha. Bila shaka alikula chakula alichokipika. Lakini alimwonya kuhusu wasiwasi unaomfanya mwenyeji apite mbele ya mgeni mara ishirini bila kumsikiliza mara moja. Parokia nazo zaweza kuwa kama Martha. Zina kamati, harambee, ratiba na matangazo marefu. Yote hayo yanahitajika. Hata hivyo mtu aweza kupita katikati yake mwaka mzima bila kupata wa kuketi naye.

Liko tukio lingine la mbio katika Injili, ambalo hulisikia asubuhi ya Pasaka. Petro na yule mwanafunzi mwingine walikimbia pamoja kwenda kaburini. Kijana alikuwa na mbio zaidi, akafika kwanza. Aliinama, akachungulia, lakini hakuingia. Alingoja mpaka Petro, aliyekuwa nyuma yake, akafika na kuingia. Ndipo naye akaingia, akaona, akaamini. Angeweza kuingia peke yake na kurudi mbio kujisifu kwamba ameona wa kwanza. Hakufanya hivyo. Habari kuu kuliko zote duniani ilingoja kidogo mlangoni, kwa sababu mwenye mbio alimngoja mwenzake.

Hapo ndipo ninapotaka tufike leo. Ugenini urafiki huota pale ambapo mwenye nguvu anakubali kupunguza mwendo wake. Mwenyeji ana nguvu kwa sababu anaijua lugha, anazijua njia, ana ndugu. Mgeni hana. Wakienda kila mtu kwa mwendo wake, hawatakutana kamwe, hata wakisali katika kanisa moja. Mmoja lazima angoje, na anayepaswa kungoja ni yule mwenye mbio.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengine huisema methali hii kana kwamba ni ya kumfukuza mgeni. Mimi nauona wema mkubwa ndani yake. Mgeni asiyepewa jembe hubaki mgeni daima; hula, hushukuru, na hukaa pembeni. Anapopewa jembe huingia shambani pamoja na wenye nyumba, jasho likachanganyika, na maneno yakaja yenyewe. Kile kizibao alichopewa binti yetu kilikuwa jembe lake.

Mwaka 1976 Maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi zetu za Afrika Mashariki, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kichungaji wa Kanisa letu. Nia yao ilikuwa kwamba Mkristo asipotee katika umati. Na mwaka 2020 hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliandika waraka mzima, uitwao Fratelli tutti, juu ya udugu na urafiki wa kijamii. Hata Vatikano yenyewe, tangu mwaka 2019, ina chama chake rasmi cha wakimbiaji. Humo wamo mapadre, watawa, walinzi na wafanyakazi wa kawaida, nao waliwapokea kati yao vijana wawili wahamiaji Waislamu, mmoja kutoka Gambia na mwingine kutoka Senegal.

Basi kwenu makatekista na viongozi wa Jumuiya, naomba mambo matatu. Kwanza, kila Jumuiya imchague mtu wa kutembea nyuma. Kazi yake iwe kuwafuata wachelewaji na wageni, kuketi karibu nao na kuyajua majina yao. Achaguliwe mtu mwenye heshima, ili wote waone kwamba nafasi ya mwisho si ya aibu. Pili, mgeni asifike mara ya tatu kabla hajapewa jembe: asome somo, awashe mshumaa, aanzishe wimbo wa kwao. Tatu, mtu asipoonekana mara mbili, mlango wake ugongwe kabla ya daftari la michango kufunguliwa.

Nanyi watoto wetu mlio mbali, ambao pengine mtasomewa maneno haya kwa simu na wazazi wenu, nawaomba msijifungie vyumbani. Tafuteni kanisa, kwa maana hakuna bustani inayoweza kuchukua nafasi ya Ekaristi Takatifu. Lakini tafuteni pia watu wa kutembea nao, wawe ni wa mbio, wa kwaya au wa bustani za mboga. Msiogope kuwa wa mwisho kwa muda. Na siku mtakapokuwa wenyeji, mkaona mgeni amesimama pembeni na hajui aanzie wapi, kumbukeni mlivyokuwa, mrudi nyuma mtembee naye. Wale miongoni mwenu wanaofanya kazi katika nyumba za watu bila siku ya mapumziko, wasioruhusiwa hata kutoka getini, tunawaombea kwa namna ya pekee. Nasi wazazi tuwapigie simu kwa ajili ya kuwasikiliza, hata siku ambayo hatuna shida ya fedha.

Bwana wetu Yesu Kristo, jioni ya siku ile ya kwanza ya Ufufuko, aliwakuta wanafunzi wawili njiani wamekata tamaa. Aliwakaribia, akaufuata mwendo wao, akawauliza wanazungumza nini. Nao walimdhania kuwa ni mgeni. Atujalie neema ya kumtambua katika kila mgeni anayetembea nyuma yetu, na moyo wa kusimama kumngoja.

Awabariki Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.